Chumvi ya Barabarani

Saa tatu kasoro, Dundee, giza halijaondoka lote.
Lori la manjano linapanda Hilltown likimwaga chumvi
na Struan, miaka tisa, pua kwenye kioo cha darasa,
anauliza: Kwani barabara inapikwa?

Mwalimu Geddes hacheki. Hajibu pia.
Analiandika swali ubaoni kama lilivyotamkwa,
anaweka kalamu chini:
Haya. Tutajuaje?

Mimi ni msaidizi wa darasa, nina beji.
Kabla ya beji nilikuwa Mwalimu Shemhilu,
Korogwe, Kidato cha Pili, wanafunzi tisini na mmoja,
vitabu kumi na vinne,
chaki naivunja vipande ili ifike Ijumaa.
Jibu ninalo, limenikwama kama punje ya wali kwenye jino:
chumvi hushusha kiwango cha kuganda.
Nililikariri utotoni kwa Kiingereza cha watu,
herufi kwa herufi, nikapata tisa kwa kumi,
na barafu pekee niliyoijua
ilikuwa ya ukwaju, ya mfuko wa nailoni,
unaing'ata kona na kufyonza.

Mabakuli manne mezani.
La chumvi, la sukari, la mchanga wa uwanjani,
na moja halikutiwa kitu,
maana Mirren kashikilia: lazima tuwe na la kulinganishia.
Nani kamfundisha? Sijui. Labda hakuna.

Barafu ya chumvi inayeyuka kwanza.
Ina moto! Chumvi ina moto!
Zofia anachomeka kipimajoto:
sifuri, chini ya sifuri, chini zaidi, sita.
Mbona basi ni baridi?

Kikaingia kimya nisichokijua.
Kule Korogwe kimya kilikuwa changu,
nilikipata kwa kugonga rula mezani.
Hiki kilikuwa chao.

Ulimi ukaniwasha.
Mwalimu Geddes akanitazama juu ya miwani: subiri.
Nimesomea ualimu miaka miwili chuoni,
somo la kusubiri halikuwemo.

Nakiri nilipiga hesabu.
Kwa siku tatu hizo ningemaliza sura nzima,
na zoezi, na kusahihisha safu mbili za mbele.
Na sura ingekwenda wapi?
Ilikokwenda yangu.

Lakini Alhamisi, meza saba,
vipande vinane vya barafu kila meza,
vyote ni vingapi?
Struan akachora vidoti. Akavihesabu. Hamsini na tatu.
Akavihesabu tena. Hamsini na saba.
Masikio yakamwiva, akaifunika karatasi kwa kiwiko.

Nikamtoa ukumbini, penye makoti yanayochuruzika,
nikampa saba mara moja, saba mara mbili,
kwa mwendo wa Korogwe, mguu ukipiga sakafu,
mpaka saba mara nane ikatoka yenyewe
bila kuomba ruhusa.
Hakuuliza kwa nini. Wala sikumwambia.
Alirudi mezani kiwiko kimeinuka.
Mlango ulikuwa wazi; Mwalimu Geddes alisikia.
Hatujalizungumza mpaka leo.

Ijumaa wakabandika ukutani:
Chumvi haina moto.
Chumvi inayazuia maji yasigande.
Inayazuiaje, hatujui bado.

Nilisimama mbele ya hilo neno bado.
Mkaguzi wetu angelipiga mstari mwekundu.
Mimi pia ningelipiga.
Nimewahi kulipiga, kwenye daftari la binti mmoja, Mwanahawa,
aliyeandika sijaelewa badala ya jibu.
Nilimpa sifuri, nikageuza ukurasa.

Jioni kituo cha basi, punje zinasagika chini ya viatu.
Nikainama, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
nikaokota moja, nikaiweka ulimini.
Ile alama ya kumi, labda.
Ilikuwa na mchanga.
Nikatema, nikaokota nyingine.